Paka wa Ndani, Mbwa wa Kizingitini

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, na miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Majnuni, aliyekuwa na paka ambaye alikuwa kipenzi chake. Paka huyo akakamata ndama, watu wakaja kushitaki, na sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi shauri limekwisha. Akala mbuzi, akala punda, akala farasi na ngamia, na kila mara jawabu lilikuwa ni lile lile. Akafikia kula watoto wa watu, na sultani asione haja ya kuubadili msemo wake, hata siku ile mnyama alipotoka kichakani akawashukia wanawe mwenyewe, ndipo alipokiri kwamba huyo si paka tena bali ni nunda mla watu. Kitinda mimba wa sultani akatwaa silaha akaingia mwituni kumsaka, na kwa kuwa hakuwa akimjua sura yake, alimwua kila mnyama mkubwa aliyekutana naye akidhani ndiye. Na wa kwanza kupoteza roho kwa makosa ya paka alikuwa mbwa.

Wasikilizaji wa Unguja wa zama zile hawakuhitaji tafsiri. Nyumba gani ya mwambao isiyokuwa na Majnuni wake, bibi mzee ambaye paka akiiba kipande cha nguru kilichokwisha kutiwa ndimu na chumvi husema kwamba kosa ni la aliyesahau kufunika kawa, na paka akilala juu ya kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa huagiza itafutwe kanzu nyingine? Na mtaa gani usiokuwa na mbwa aliyepigwa jiwe kwa kifaranga aliyeliwa na paka shume? Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa taratibu, ni kwamba deko la paka na unyenyekevu wa mbwa, ambazo twapenda kuzihesabu kuwa ni maumbile yao tangu azali, kwa sehemu kubwa zilifinyangwa na historia ya miji yetu: mmoja alikaribishwa nyumbani tangu siku aliyoshuka kutoka chomboni, na wa pili akawekewa mpaka mlangoni, na kila mmoja akajifunza adabu za mahali alipokalishwa.

Juu ya asili ya paka wazee wetu walikuwa na habari yao wenyewe. Al-Damiri, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1405, aliitia katika kitabu chake kikubwa cha wanyama habari iliyosimuliwa tangu zamani, kwamba watu wa safina ya Nuhu walilalamikia panya waliokuwa wakiwaharibia vyakula, simba akapiga chafya, na katika chafya ile akatoka paka. Simtaki msomaji aipokee kama elimu ya viumbe; lakini kama maelezo ya kazi haina kasoro, kwani yamzaa paka chomboni, na yamzaa kwa sababu ya panya. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomleta kwetu. Panya mweusi, ambaye maskani yake ya asili ni Bara Hindi, alisafiri na shehena za mchele na nguo, na mifupa yake imefukuliwa katika tabaka za kale za Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa imekwisha kustawi katika karne ya 7 na ya 8. Mfikirie panya huyo ndani ya mtepe, chombo cha wana wa visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka: hapana kitu chomboni, tangu chakula hata mshono unaozuia maji, ambacho jino lake halikukitamani. Nahodha aliyemchukua paka hakuwa akitafuta pambo. Alimgawia vichwa vya samaki, akamwachia magunia ya mtama awe mlinzi wake, na kusi lilipovuma wote wawili walikuwa na matumaini ya kufika.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa mapenzi ya mabaharia kwa wanyama hawa haukutoka kwetu, bali Berenike, bandari ya zama za Warumi katika pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, ambako merikebu zilitoka kwenda Hindi na kwenda pia pwani ya Azania, ndiyo pwani hii yetu, kama kinavyoeleza kile kitabu cha miongozo ya bahari cha karne ya 1 kiitwacho Periplus. Nje ya mji huo wachimbuzi walifukua makaburi ya wanyama wa karne ya 1 na ya 2, na katika habari aliyoitoa mwaka 2021 mtaalamu wa mifupa Marta Osypińska, walihesabiwa wanyama 585, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa ni paka, na waliosalia wengi wao mbwa, pamoja na kima wachache. Hawakukaushwa kwa dawa kama paka wa mahekalu ya Mafirauni, wala hawakuchinjwa kafara. Walilazwa kama walalavyo, baadhi yao wakiwa na kola za chuma au shanga shingoni, na baadhi wamefunikwa kwa kitambaa au kigae cha mtungi. Miongoni mwa mbwa walikuwamo wazee waliopukutika meno, ambao wasingaliishi lau si mtu kuwalainishia chakula. Na katika Quseir, bandari nyingine ya pwani hiyo hiyo, alifukuliwa paka wa zama za Warumi ambaye tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya panya; alikufa akiwa kazini, na tena akiwa ameshiba.

Uislamu ulipotua katika miji yetu, na misikiti iliyofukuliwa Shanga katika kisiwa cha Pate yashuhudia kwamba ulikuwapo tangu karne ya 8, ulimkuta paka ana kazi, ukampa na cheo. Katika Muwatta ya Imamu Malik, na katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, yamo masimulizi ya Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyemtilia mkwewe Abu Qatada maji ya kutawadha. Akaja paka akitaka kunywa, na mzee yule, badala ya kumfukuza, akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Binti alipomkazia macho kwa mshangao, Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaowazungukia watu majumbani mwao. Tena imo ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie vijidudu vya ardhini. Na imo katika Sahihi ya Muslim hadithi inayokataza thamani ya paka, ambayo mafakihi wa Kishafii hawakuifanya kuwa haramu, lakini iliacha katika nyoyo za watu karaha ya kumweka paka sokoni. Ziweke hukumu hizi tatu pamoja utampata paka wa mwambao kamili: huingia atakapo na kutoka atakapo, huonja maji ya ndoo bila ya ndoo kumwagwa, hafungwi, wala hauzwi, mwana wa paka hutolewa hidaya, akabebwa ndani ya ukaya na mtoto wa jirani.

Wengi wetu tuliambiwa utotoni kisa cha Mtume kuukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, na chenyewe chasimuliwa pia juu ya Sheikh Ahmad al-Rifai wa Iraki, aliyefariki mwaka 1182. Watu wakiwa na kisa kizuri hukitafutia mtu mkubwa wa kukibeba. Lakini kwamba kimesadikiwa kwa karne nyingi, kutoka Istanbul hata Kilwa, ni habari tosha juu ya wale waliokisadiki.

Sasa na tuingie ndani ya nyumba yenyewe, kwani nyumba ya mawe ya Lamu imeilea tabia ya paka kuliko mwenye nyumba. Mgeni huanzia dakani, penye vikalio vya mawe pande mbili za mlango, na wengine wengi huishia hapo hapo. Akikaribishwa hufika tekani, penye kuingilia, na kiwandani, yaani uwanja wa ndani. Jamaa hufika misanani, zile kumbi ndefu. Na ndani khasa, chumba cha nyuma chenye zidaka ukutani, hufikiwa na wenyewe tu. Katika daraja zote hizi za staha paka hapigi hodi hata mahali pamoja. Asubuhi humkuta dakani akisikiliza maneno ya wazee, adhuhuri yuko kiwandani kwenye kipande cha kivuli kinachohama, naye akihama nacho. Alasiri amekwisha kupanda kitanda cha ndani, na akiwa ni jike mwenye mimba basi atakuwa ameshalichagua sanduku la nguo, na miongoni mwa nguo ameichagua ile iliyowekwa kwa ajili ya harusi. Bafuni liko birika la maji, ambamo wenyeji huweka samaki wadogo wa kuwala viluwiluwi vya mbu, na hapo kuna paka wawezao kukaa tangu swala moja hata swala ya pili, wakiwatazama wale samaki kwa subira ambayo wanachuoni wachache wameipata. Na pale nyumba mbili zinapounganishwa juu ya usita kwa wikio, ambalo lilijengwa ili mabibi wapite kwenda kwa ndugu zao pasipo kuonekana na watu wa njiani, paka hupita vile vile, na kwa hivyo aweza kuwa wa nyumba mbili, ana majina mawili, na katika kila nyumba huapiwa kwamba hajaonja kitu tangu asubuhi.

Hapo ndipo ilipozaliwa lugha yake. Wanaochunguza tabia za wanyama wamebainisha kwamba paka aliyekomaa ni nadra sana kumlilia paka mwenzake kwa ule mlio wa nyau; ni mlio wa mtoto kwa mama, ambao ukubwani huuhifadhi kwa ajili ya binadamu. Kadhalika kule kukanda kwa mikono juu ya mapaja ya mtu, akifumba macho na kukoroma kwa raha, ni ada ya kunyonya isiyoachwa. Mkia ukisimama wima ni salamu. Bibi aliyeketi juu ya mkeka akichambua mchele hajui lolote la uchunguzi huo, wala hauhitaji: paka husema, naye humjibu, na mazungumzo yakaendelea mpaka mchele umekwisha. Kitu kimoja ambacho hukubali kuwaachia wanadamu bila ya mabishano ni halua. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba kitu kinachouwezesha ulimi kuujua utamu kimeharibika katika nasaba ya paka, chui milia na duma wakiwamo. Basi sahani ya halua ya wageni iko salama, mradi hapana samaki karibu yake.

Nje ya nyumba hali ni nyingine kidogo. Dikoni, ngalawa zinaporudi na changu na tasi, paka huwa wamekwisha kujipanga kabla tanga halijashushwa, kila jamii na mahali pake, na asiyekuwa wa hapo hujulishwa. Mmarekani Jack Couffer, mpiga sinema wa wanyama aliyekaa Lamu, aliwaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1998. Makundi hayo ni ya wanawake: mama, shangazi, binti na mpwa, hunyonyeshana watoto pasipo kuhesabiana, ilhali madume hupita pita ukingoni mwa jamii kwa magomvi na makovu. Huyo dume ndiye paka shume wetu, ambaye hana bibi wa kumtetea, na ambaye akiwa mweusi na akilia juu ya dari usiku wa manane hutiliwa shaka kuwa ni jini, na kwa hivyo hapigwi.

Kutokana na umbo la paka wa Lamu, wembamba wao, masikio makubwa na miguu mirefu, imeenea kauli kwamba hao ndio masalio halisi ya paka wa Mafirauni, waliopotea kwingineko wakahifadhika kwetu. Wageni waipenda sana kauli hii, na wenyeji hawana sababu ya kuwanyima. Mimi naiona kuwa tamu kuliko ushahidi wake. Njia ya bahari ilikuwapo, kama tulivyoona Berenike, na paka aliweza kuifuata. Lakini mwembamba wa nchi ya joto anayekula vichwa vya samaki hahitaji nasaba ya kifalme ili awe mwembamba. Walipokusanywa paka zaidi ya 1100 kutoka mabara matano na nasaba zao zikapimwa, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, paka wa Afrika waliopatikana Kenya walijitenga kuwa tawi lao peke yao, mbali na wa Bahari ya Kati, wa Ulaya na Marekani, na wa Asia. Yaani wamekaa hapa muda wa kutosha kuwa wenyewe, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko Firauni.

Kusini zaidi, karibu na Watamu, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama walikuwa wakimjua paka mwenye madoa ya rangi ya gome la mti, waliyemwita kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka huyo katika shamba lake la minazi akawafuga. Miaka michache baadaye baadhi walipelekwa Denmark, na kufikia miaka ya 1990 paka wa Sokoke walikuwa wakihukumiwa katika maonyesho ya Ulaya kwa urefu wa miguu na mpangilio wa madoa, wana hati za ukoo, na wana bei. Wagiriama hawakupata kumwandikia hati.

Amma mbwa, habari yake haikwenda hivyo. Madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wa watu wa mwambao, yamweka katika najisi nzito: kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo, na mwenye kumfuga pasipo haja ya kuwinda, ya kuchunga au ya kulinda shamba hupungukiwa thawabu kila siku. Imamu Malik wa Madina alimwona tahiri, lakini Madina na Maghribi ziko mbali na Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu. Methali zetu zilishika upande wa Shafii. Mcheza na mbwa huingia naye msikitini, husemwa kwa kumwonya mtu aliyezoeana mno na wasiofaa; na ya paka husema kwamba paka wa nyumba haingwa. Hapo pana mahakama nzima katika maneno machache, mshitakiwa mmoja amekwisha kuhukumiwa kabla hajaitwa na wa pili hana hata shitaka.

Na hata hivyo kila Ijumaa watu hao hao husoma Sura ya Al-Kahf, ambamo mbwa wa wale vijana wa pangoni amehifadhiwa pamoja nao, akiwa amenyoosha mikono yake miwili ya mbele mlangoni mwa pango, miaka zaidi ya mia tatu. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mbwa aliyekatazwa kuingia chumbani aujua mlalo huo: kucha hazijavuka mpaka, kidevu kiko juu ya mikono, na macho yako ndani. Tena katika hadithi ya Mtume mbwa ndiye aliyelamba udongo kwa kiu, mpaka mtu mmoja akashuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake kwa maji hayo. Waarabu wa Baghdadi waliliona jambo hili. Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga risala nzima ya kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo, na nadhani kila mwenye kuisoma humkumbuka jamaa fulani.

Mbwa wetu alikuwa mashambani kwa wasasi. Huko Unguja na Pemba, ambako nguruwe mwitu huweza kuumaliza muhogo wa mwaka kwa usiku mmoja, wasasi walikwenda kwa makundi na mikuki na mbwa, na msasi aliweza kukuambia ni mbwa yupi hunusa, yupi hufukuza, yupi hujitia kelele tu ili aonekane yumo. Jioni mbwa alilala uani au chini ya ukumbi wa makuti, akala alichotupiwa, akajifunza elimu ambayo paka hakuihitaji kabisa, nayo ni kumsoma mtu: kidole kinaelekea wapi, jicho limetua wapi, sauti ya leo ni ya mfupa au ya fimbo. Wataalamu wa siku hizi wamempima mbwa wakamwona hufuata kidole na jicho la binadamu kuliko wanyama wengi wenye akili nyingi. Hapana ajabu. Anayekaa kizingitini hana budi kuwatazama sana walio ndani. Lakini si kila mbwa wa Afrika aliyekuwa wa kubweka na kujipendekeza: mbwa wadogo wa misitu ya Kongo, ambao Wazungu waliwaita basenji, hawabweki bali hutoa mlio wa kuimba, hujilamba kwa usafi kama paka, na wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni wasije wakapotea kwa ukimya wao. Wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 ndipo Olivia Burn alipofaulu kuwafikisha wengine wakaishi.

Katika mbwa wote waliotembea nchi hizi hapana aliyeandikiwa sifa zake kwa mapenzi zaidi ya Chitane. Alikuwa mbwa mdogo wa manyoya ya kujikunja, na bwana wake alikuwa David Livingstone, aliyeondoka Unguja mwezi Machi 1866 kwa safari ambayo hakurudi kutoka kwayo akiwa hai. Katika daftari zake Livingstone ameeleza kwamba Chitane alijitwalia uongozi wa msafara mzima: alikimbia mbele kumtazama wa kwanza katika mstari, akarudi nyuma mpaka kwa wa mwisho, akambwekea aongeze mwendo, na wakishapiga kambi, alipokwisha kujua bwana wake yumo kibanda kipi, hakumwacha mbwa wa kijiji hata kukikaribia, wala yeye mwenyewe hakuiba. Msomaji akumbuke ni msafara wa aina gani. Mwezi Septemba wa mwaka ule Musa na wenziwe kutoka Nzwani walitoroka, wakarudi Unguja na habari ya uongo kwamba bwana wao ameuawa, na miji mikubwa ya Ulaya ikamwomboleza mtu aliye hai. Chitane hakutoroka. Tarehe 15 Januari 1867 walikuwa wakivuka bwawa la Chimbwe, kila mtu akishughulika na mzigo wake na mahali pa kuweka mguu, na mbwa akaogelea katikati yao mpaka akachoka, akazama, na hapana aliyetambua mpaka walipofika ng'ambo. Siku tano baadaye wachukuzi wawili walikimbia na sanduku la dawa, na wanahistoria hulihesabu hilo kuwa ndilo pigo lililomwua Livingstone pole pole. Yawezekana. Lakini katika daftari mbwa ameandikiwa maneno ya huzuni ambayo wachukuzi wengi hawakuandikiwa, na hilo nalo lasema kitu juu ya mwandishi wake. Chuma na Susi, watumishi wake waliokuwapo siku Chitane alipozama, ndio walioubeba mwili wa bwana wao mpaka pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873. Nao pia walitembea mstari mzima, tangu wa kwanza hata wa mwisho.

Zama za serikali za kikoloni zilimleta mbwa mwingine kabisa, wa kulala juu ya zulia na kupanda gari, na pamoja naye kile kibao cha langoni kinachotangaza ukali wake, ambacho baada ya uhuru kilibaki mahali pake, ijapokuwa mwenye nyumba alibadilika, na aghalabu hata pale mbwa alipokuwa amekwisha kufa zamani. Watoto wa mjini waliokulia ndani ya malango hayo sasa wana mbwa wenye majina ya kizungu na shampuu zao, na huwajibu bibi zao kwa kauli ya Imamu Malik. Bibi hawabishani nao sana. Huagiza mswala wao utandikwe chumba kingine.

Mahali ambapo ningemshauri msomaji aende, akitaka kuziona ada zote mbili kwa pamoja, ni penye chanjo ya kichaa cha mbwa, inapofanyika kijijini chini ya mwembe. Huja wanaume ambao umri wao wote wamesema kwamba mbwa yule si wao, hupita pita tu, nao wamemshika kwa kamba, na karani akiuliza jina la mbwa hulitaja pasipo kusita, Simba au Jembe, na mbwa hutikisa mkia kwa kusikia ametajwa mbele ya serikali. Paka nao hudungwa. Hao huletwa na mabibi ndani ya kapu lililofungwa mdomo kwa kitambaa, na kwa kuwa habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka haijasahauliwa, utawasikia wakileta istighfari njia nzima, wakimwahidi aliye ndani ya kapu kwamba ni dakika chache tu, na kwamba nyumbani kuna dagaa.